Somo: Mechi ya watu wawili kwenye 0 A.D., mkiwa chumba kimoja au nchi mbili tofauti

Wakuu, habari za jioni. Hili ni la wale wawili wanaotaka kuchapana kwenye 0 A.D., mmoja yuko Dar na mwenzake Mombasa, au wote wako hosteli moja na hakuna mwenye bando. Ni gemu la kompyuta la kujenga dola na kupigana vita vya enzi za kale. Nimelichagua kwa sababu ni la bure, linakubali Windows, Linux na macOS, na halikudai kadi ya benki popote. Wakushi wamo, Wakartago wamo, Waptolemayo wa Misri pia wamo, kwa hiyo mtu wa Afrika hakosi jeshi la kushabikia.

Nitakaa sana kwenye mtandao, maana hapo ndipo watu wanapokata tamaa. Mechi ikigoma kufunguka, wengi wanaling'oa gemu na kulipakua upya, wakati gemu lenyewe halina ubaya wowote. Tatizo ni laini.

Hatua ya 1: Toleo moja, modi zilezile

Wote wawili mpakue kutoka play0ad.com, kisha mlinganishe namba ya toleo kwenye ukurasa wa mwanzo. Wa Linux kuweni macho: hazina ya programu ya mfumo wako mara nyingi hubaki na toleo la zamani, basi chukua la Flatpak au Snap. Modi nazo, yaani nyongeza zinazobadilisha gemu, ziwe sawa. Mmoja akiwa na modi inayobadilisha nguvu za askari na mwenzake hana, hamtakutana.

Ukali huu una sababu. Kila kompyuta inaendesha vita vyote yenyewe, na kinachosafiri kwenye waya ni amri tu: hawa waende pale, nyumba ijengwe hapa. Age of Empires, gemu la vita la mwaka 1997, lilifanya hivyohivyo, ndiyo maana watu wanane waliweza kucheza kwa modemu ya kilobiti 28.8 kwa sekunde. Faida yake kwako ni kwamba bando haliliwi ovyo. Hasara zake ni mbili: tofauti ndogo kati ya kompyuta hizo inaharibu mechi, na mechi nzima inakwenda kwa mwendo wa aliye dhaifu kuliko wote.

Hatua ya 2: Nani awe mwenyeji

Mwenyeji ni yule ambaye kompyuta yake inafungua mechi, mwenzake anaingia kama mgeni. Msichague kwa ubingwa wala kwa nani alitoa wazo. Mwenyeji awe mwenye laini iliyotulia. Mmoja akiwa na faiba ya nyumbani na mwingine yuko kwenye data ya simu, mwenye faiba ndiye mwenyeji, mjadala umeisha. Mkilingana kwa laini, tazameni kompyuta yenye nguvu zaidi.

Hatua ya 3: Kuunganisha

Mkiwa sehemu moja: Washa hotspoti ya simu, laptopu zote mbili ziingie humo. Kwenye Android, data ya simu unaweza kuizima kabisa, kwa kuwa mchezo unazunguka ndani ya hotspoti bila kutoka nje. Mwenyeji afungue Command Prompt ya Windows, aandike ipconfig, asome anwani ya IPv4 iliyo kwenye sehemu ya Wi-Fi. Kwenye Android za zamani huanza na 192.168.43, kwenye iPhone huanza na 172.20.10. Kisha aingie "Multiplayer", achague "Host Game". Mgeni achague "Join Game", aandike anwani ile, poti (namba ya mlango wa mtandao) aiache 20595 kama ilivyo.

Windows ikiuliza kama iruhusu pyrogenesis kupita, kubali. Hilo si jina la kirusi cha kompyuta, ndiyo injini ya gemu. Tena angalia sana: Windows huchukulia hotspoti mpya kama mtandao wa hadharani, kwa hiyo ruhusa uliyoitoa kwa mtandao binafsi pekee haitakusaidia. Kama uliwahi kubonyeza kukataa, nenda Windows Firewall, orodha ya programu zinazoruhusiwa, umtafute pyrogenesis na uweke tiki zote mbili.

Mkiwa mbali, njia ya ukumbi: Chagua "Game Lobby", jisajili, mwenyeji afungue mechi na kuiwekea nenosiri ili wapita njia wasijiingize. Ukumbi husaidia kompyuta mbili zionane bila mtu kugusa ruta. Ikikataa, badilishaneni: mgeni awe mwenyeji. Kuna ruta zinazotoka vizuri lakini hazipokei, na kugeuza tu upande kunaweza kumaliza kazi.

Mkiwa mbali na ukumbi umegoma: Hapa ndipo nawashauri muache kuhangaika na ruta. Kampuni nyingi za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Hata ukifungua poti 20595 kwenye ruta yako, mlango mwingine uko kwa kampuni na ufunguo wake huna. Wekeni mtandao wenu wa faragha. Mimi hutumia Tailscale, programu ya kuunganisha kompyuta zilizo mbali kana kwamba ziko mtandao mmoja, ambayo ina kiwango cha bure kinachotosha kabisa watu wawili. Kila mmoja anafungua akaunti na kuisakinisha. Mwenyeji anaingia kwenye ukurasa wa usimamizi, anachagua kompyuta yake, anaishiriki kwa kiungo, na mgeni anakikubali. Kompyuta inayoshirikiwa iwe ya mwenyeji, maana mgeni ndiye anayebisha hodi. Baada ya hapo mwenyeji anapata anwani inayoanza na 100. Mgeni anaiandika kwenye "Join Game" kama vile wako chumba kimoja.

Hatua ya 4: Mipangilio ya mechi

Ramani "Mainland", ukubwa mdogo, rasilimali za kuanzia "Low", yaani 300 za kila aina: chakula, mbao, mawe na chuma. Ushindi uwe wa kuteka kila kitu. Zima udanganyifu, kasi iache ya kawaida. Kompyuta zenu zikiwa za kizamani punguza idadi ya juu ya watu, kwa sababu majeshi makubwa ndiyo yanayozifanya zihemewe. Ubao wa mazungumzo utumieni kuulizana kama kila mmoja yuko tayari kabla ya kuanza, si baada.

Hatua ya 5: Mtu akikatika

Umeme ukikatika kwa mgeni, mwenyeji asifunge mechi. Mgeni arudi kwa jina lilelile alilotumia mwanzo, gemu litampa hali ya vita ilipofikia na ataendelea. Akikatika mwenyeji, mechi imekufa. Ndiyo sababu ya pili ya kumchagua mwenyeji mwenye umeme wa uhakika, au angalau laptopu yenye betri inayoshika.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, shukrani. Nina ruta ya 4G, nimefungua poti kama video moja ilivyoelekeza, lakini jamaa haingii. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea. Fungua ukurasa wa ruta, tazama anwani ya upande wa WAN (upande wa nje, wa intaneti), kisha ulinganishe na ile ambayo tovuti za kuonyesha IP zinakuambia. Zikitofautiana, uko nyuma ya kampuni. Dalili nyingine ni anwani ya WAN inayoanza na 10, au iliyo kati ya 100.64 na 100.127. Achana na poti, nenda Tailscale.

Swali: Kaka, mimi niko Zanzibar, ndugu yangu yuko Muscat. Tailscale imekubali ila askari wanatembea wanasimama, wanatembea wanasimama.

Jibu: Andika tailscale ping ukifuatisha na anwani yake. Jibu likitaja DERP, maana yake hamjaunganika moja kwa moja, mnapitia kituo cha kati. Vipo vya Nairobi na Dubai, kwa hiyo kama jina linaloonekana ni la Ulaya, safari yenu imekuwa ndefu bila sababu. Subiri kidogo, mara nyingine njia ya moja kwa moja hupatikana baada ya majaribio machache. Isipopatikana, mmoja abadili laini: atoke kwenye Wi-Fi ya kazini aingie kwenye data ya simu, au kinyume chake. Na uzime masasisho ya Windows yanayopakuliwa kimyakimya, hao ni wezi.

Swali: Kuna ujumbe umetokea katikati ya mechi, "Out of Sync". Tuliendelea, kila mtu akawa anaona kashinda yeye!

Jibu: Hahaa, na kila mmoja alikuwa anasema kweli kwenye kompyuta yake. Ujumbe ule ukitokea, vita viwili tofauti vinaendelea, msipoteze muda. Ondokeni, mlinganishe toleo na modi. Mmoja wenu akiwa aliwahi kuchokonoa mafaili ya gemu kwa mkono, asakinishe upya.

Swali: Samahani wakuu, mimi sina kompyuta, nina simu tu ya Android. Nimetengwa?

Jibu: 0 A.D. haina toleo rasmi la simu, dada. Jaribu Unciv, gemu la kujenga dola, nayo ni ya bure. Inachezwa kwa zamu, kwa hiyo unafanya yako asubuhi ukiwa kwenye daladala, mwenzako anajibu usiku, na hakuna wa kumlaumu mwenzie kwa laini mbovu.

Swali: Mechi za hotspoti zinahesabiwa kwenye alama za ukumbi? Kuna mtu hapa mtaani anajitapa.

Jibu: Hapana. Alama zinapatikana kwa mechi ya watu wawili iliyofunguliwa ndani ya ukumbi na kuwekewa alama ya kuhesabiwa kabla ya kuanza. Mwambie afungue moja leo usiku, nenosiri akutumie.