Jinsi ya kuhamisha imeili za kampuni kwenda seva mpya bila kupoteza hata moja

Wakuu, kazi hii nimeifanya mara nyingi, ofisi za watu watano mpaka za watu zaidi ya mia, na kabla hujagusa chochote nataka ushike kitu kimoja: kukopi imeili zenyewe ndo sehemu nyepesi, programu inafanya usiku wewe umelala. Imeili zinapotea pale katikati, zile siku ambazo wengine wanatuma kwenye seva mpya na wengine bado wanatuma kwenye ya zamani, na mara nyingi zinapotea kwa sababu mtu kawahi kuzima seva ya zamani. Kwa hiyo hatua zote hapa chini zinalenga seva mbili ziishi pamoja kwa muda bila mtumiaji kuhangaika.

Mimi natumia imapsync, programu ya Gilles Lamiral, imeandikwa kwa Perl na inaongea IMAP tu (lugha ya kusoma imeili zikiwa zimebaki kwenye seva), hivyo haijali huko unakotoka ni programu gani ya seva, Dovecot, Zimbra au Exchange, mradi pande zote mbili zina IMAP.

Hatua ya 1: jua una nini

Usianze na komandi, anza na karatasi. Toa orodha ya maboksi yote na ukubwa wa kila moja, alafu toa orodha ya pili ambayo wengi wanaisahau: zile anwani kama info@ na mauzo@ ambazo hazina boksi lake zinapeleka kwa mtu, makundi, fowadi, majibu ya otomatiki, na filta ambazo watu wamejiwekea wenyewe. Hivi vyote IMAP haibebi, utavitengeneza upya kwa mkono.

Baada ya hapo inuka uzunguke ofisini, naomba sana usiruke hii. Skana inayotuma nakala kwa imeili, mfumo wa ankara, tovuti yenye fomu ya mawasiliano, vyote vimewekewa anwani ya seva ya zamani na paswedi ndani yake, na hakuna ripoti ya seva itakayokutajia vyote.

Na ukiwa unazunguka angalia nani anatumia POP3, njia ya kupakua imeili kwenye kompyuta na mara nyingi kuzifuta kwenye seva. Kuna ofisi nilikuta boksi la mhasibu kwenye seva lina imeili chache tu, sikuelewa, mtu yuko pale miaka mingi. Nilipoenda mezani kwake akafungua kompyuta akaniambia "zangu zote ziko humu humu kaka", na kweli, zilikuwa zimepakuliwa na kufutwa kwenye seva kila siku kwa miaka yote hiyo, ziko kwenye diski moja ya kompyuta moja. Mtu wa namna hiyo imapsync haimsaidii. Kwanza chukua bakapu ya faili la programu yake ya imeili, kisha ongeza akaunti mpya kwa IMAP ndani ya programu hiyo hiyo, halafu buruta imeili kidogo kidogo kutoka folda za ndani kwenda akaunti mpya. Ukiburuta elfu ishirini kwa mkupuo mmoja itakwama katikati na hutajua imefika wapi.

Hatua ya 2: punguza TTL mapema

TTL ni muda ambao seva nyingine duniani zinakumbuka rekodi yako ya DNS (orodha ya mtandaoni inayoonyesha domeni yako iko seva gani) kabla hazijauliza tena. Kama rekodi yako ya MX, ile inayosema imeili za domeni yako zipelekwe seva gani, ina sekunde 86400, hiyo ni masaa 24, ina maana ukibadilisha leo kuna watu wataendelea kutuma kwa zamani mpaka kesho. Ishushe mpaka 300, yaani dakika tano, na ufanye hivyo siku mbili kabla, maana kushusha kwenyewe nako kunasubiri ule muda wa zamani uishe.

Hatua ya 3: tengeneza maboksi mapya, alafu fanya jaribio

Fungua akaunti zote kwenye seva mpya, na nafasi iwe kubwa kidogo kuliko ya zamani. Kisha chagua boksi moja tu, la kwako ikiwezekana, weka paswedi ya zamani kwenye faili p1.txt na mpya kwenye p2.txt, na endesha hivi:

```
imapsync --host1 mail.zamani.example --user1 mimi@kampuni.example --passfile1 p1.txt \
  --host2 mail.mpya.example --user2 mimi@kampuni.example --passfile2 p2.txt \
  --ssl1 --ssl2 --automap --dry
```

Hiyo --dry inaonyesha tu ingefanya nini, haikopi kitu. Soma sehemu ya folda kwa makini. Seva zinatofautiana majina, huku folda ya zilizotumwa inaitwa Sent, kule Sent Items, na nyingine zinaweka INBOX. mbele ya kila folda. --automap inajaribu kulinganisha yenyewe na mara nyingi inapatia, lakini usipoangalia unaweza kukuta mtu ana folda mbili za zilizotumwa, ya zamani haionekani kwenye simu, alafu anakupigia kwamba umemfutia kazi ya miaka mitatu.

Ukiridhika toa --dry, iache ikopi. Ikimaliza ingia kwenye boksi jipya uangalie vitu vitatu: idadi ya kila folda, tarehe, na zilizosomwa zimebaki zimesomwa. Vyote imapsync inavitunza yenyewe, hii ndo sababu sipendi kuburuta kwa mkono kama hakuna ulazima.

Jambo moja la kuangalia kwenye logi mwishoni: imapsync inatambua imeili kwa vichwa vyake (mistari ya maelezo iliyo juu ya kila imeili) vya Message-Id na Received, ndo maana ukiirudia mara kumi hailetei nakala mbili mbili. Lakini imeili za rasimu na baadhi ya zilizotumwa hazina vichwa hivyo, na isipovikuta inaziruka. Ukiona idadi haifanani kwenye folda hizo mbili, rudia ukiongeza --addheader, zitakuja.

Kama unaenda Google, IMAP yao inapokea kuingiza MB 500 tu kwa siku kwa akaunti, kwa hiyo boksi la GB 10 ni karibu wiki tatu, anza mapema. Na kama upande mmoja ni Microsoft 365, IMAP kwa paswedi ya kawaida walianza kuifunga kwenye akaunti zote Oktoba 2022, lazima utumie OAuth2 (kuingia kwa tokeni badala ya paswedi), usipoteze mchana mzima unabadilisha paswedi.

Hatua ya 4: kopi kubwa

Tengeneza faili, mstari mmoja kwa kila mtu, ukitenganisha kwa nukta mkato: jina la zamani, paswedi, jina jipya, paswedi. Alafu:

```
while IFS=';' read -r u1 p1 u2 p2; do
  imapsync --host1 mail.zamani.example --user1 "$u1" --password1 "$p1" \
    --host2 mail.mpya.example --user2 "$u2" --password2 "$p2" \
    --ssl1 --ssl2 --automap --addheader < /dev/null
done < watu.txt
```

Paswedi yenye nukta mkato ndani itaharibu mstari, ibadilishe kabla. Na hilo faili lina paswedi za kampuni nzima, lifungie kwa chmod 600 ili wewe tu ulisome na ulifute kazi ikiisha, hizi ni siri za watu umekabidhiwa.

Endesha usiku, watu waendelee kufanya kazi kama kawaida kwenye seva ya zamani. Rudia kila usiku, mzunguko wa pili na wa tatu unakuwa mfupi kwa sababu unachukua mpya tu.

Hatua ya 5: siku ya kugeuza

Chagua Ijumaa jioni. Kabla ya MX anza na SPF, rekodi ya DNS inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma imeili za domeni yako: ongeza seva mpya ndani ya rekodi ile ile iliyopo, usitengeneze ya pili, domeni yenye rekodi mbili za v=spf1 inahesabiwa ina kosa, na pia isizidi uulizaji 10 wa DNS ndani yake. Seva ya zamani iache ndani kwa sasa. DKIM, sahihi ya kidijitali inayowekwa kwenye kila imeili, weka ufunguo mpya kwa jina jipya la selekta (jina la kutofautisha funguo), wa zamani usiufute. Kama DMARC yenu (rekodi inayosema imeili ikifeli ukaguzi wa SPF na DKIM ifanywe nini) iko p=reject, yaani ikataliwe, na DKIM mpya bado haijakaa sawa, imeili zenu zinaweza kukataliwa huko zinakoenda, kwa hiyo jitumie imeili kwanza kutoka seva mpya, fungua vichwa vyake, hakikisha unaona spf=pass na dkim=pass.

Sasa badilisha MX, kisha angalia:

```
dig MX kampuni.example +short
```

Rekodi za zamani za MX zitoe zote. Kuna watu wanaiacha moja kama akiba, matokeo yake imeili nyingine zinaendelea kuangukia kule.

Hatua ya 6: kopi ya mwisho, na hatari yake

Baada ya MX, imeili zitaendelea kudondoka seva ya zamani siku kadhaa, kwa hiyo endelea kuendesha ile skripti Jumamosi, Jumapili, na kila siku ya wiki inayofuata. Ila hapa sikiliza vizuri. imapsync ina swichi inaitwa --delete2, inafuta kwenye seva mpya kila kitu ambacho hakipo kwenye ya zamani. Kabla ya MX ina faida yake. Baada ya MX, imeili mpya za wateja ziko upande mpya tu, na ukiiendesha nayo inazifuta zote. Kama uliiongeza, itoe kwenye skripti kabisa kabla ya Ijumaa.

Kisha simu na kompyuta: ongeza akaunti mpya pembeni ya zamani, ya zamani usiitoe mpaka mwenyewe amethibitisha anaona vitu vyake. Kalenda na majina ya mawasiliano vinasafiri kwa faili za ICS na vCard, mtu mmoja mmoja.

Hatua ya 7: mtego wa tovuti

Kama tovuti ya kampuni inabaki kwenye seva ile ile ya zamani, seva hiyo bado inaamini imeili za domeni hiyo ni zake. Fomu ya tovuti ikituma kwa mauzo@, seva haiulizi MX, inajitumbukizia ndani kwake. Ilinitokea kwa mteja mmoja, siku tisa watu wa mauzo wanasema biashara imepoa, mimi nikaingia seva ya zamani kuendesha kopi ya kawaida nikaona boksi la mauzo limeongezeka, kufungua ni maombi ya bei ya wateja yamelala pale. Tuliyaokoa yote kwa sababu seva ilikuwa bado hai. Kwenye cPanel (paneli ya kusimamia seva ya tovuti) nenda sehemu ya Email Routing uiweke Remote Mail Exchanger, kwenye Postfix (programu ya seva ya kutuma na kupokea imeili) itoe domeni kwenye mydestination na virtual_mailbox_domains, alafu jaza fomu ya tovuti mwenyewe uone inafika wapi.

Hatua ya 8: kuzima

Usitumie kalenda, tumia logi. Soma logi ya imeili ya seva ya zamani, ukiona wiki mbili nzima hakuna imeili ya maana iliyoingia wala mtu aliyelogin, endesha kopi ya mwisho, chukua bakapu ya maboksi yote uiweke nje ya seva zote mbili, itoe seva ya zamani kwenye SPF, futa watu.txt, rudisha TTL ilipokuwa. Ukimaliza hayo ndo izime.