Kupanga kazi za ratiba kwa misimbo na kolamu zako mwenyewe, mfano wa nyumba ya mawe Lamu

Jamani hebu niwaelezee kitu ambacho ningekijua mapema kingeniepusha na hasara. Tulikuwa tunakarabati nyumba ya mawe ya ghorofa hapa Mkomani, ratiba nimeitengeneza kwa Primavera P6, programu ya kupanga miradi, kazi kama 140 hivi, nimezigawa kwa WBS, yaani mti wa kugawa mradi sehemu sehemu: daka (baraza la mlangoni), kiwanda (uwanja wa ndani ya nyumba), ndani, sabule (chumba cha wageni), paa, kila kitu kiko pahala pake. Siku hiyo nahodha wa mashua akaniuliza swali la kawaida kabisa, wiki hizi mbili muna mizigo gani ya kuchukua Mokowe? Nikakaa na laptopu karibu saa mbili napekua mstari mmoja mmoja, manake kwenye majina ya kazi pengine nimeandika "boti", pengine "mashua", pengine sikuandika chochote, na magunia ya chokaa yakanipita. Yakabaki kule Mokowe, barani, mafundi wa plasta wakakaa siku tatu bila kazi na ujira wao palepale.

Shida ni kwamba WBS inaigawa kazi kwa njia moja tu, na kazi moja ina pande nyingi. Plasta ya sabule iko chumba fulani, inafanywa na fundi fulani, mzigo wake unatoka pahala fulani, na pengine inataka kibali. Ukiziingiza pande zote hizo kwenye WBS mti utakuwa na matawi mpaka hujui pa kushika, na ukizitia kwenye jina la kazi ndiyo yatakukuta yale yaliyonikuta mimi. Kwa hizo pande nyengine ndiyo kuna misimbo na kolamu za kujitengenezea.

Kabla hujafungua programu chukua karatasi uandike maswali, nani anakuuliza nini kila wiki. Nahodha anataka mizigo, fundi anataka kazi zake peke yake, mwenye nyumba anataka pesa, mwenye punda anataka kujua safari ngapi. Halafu kila swali lipime hivi: jibu lake likiwa ni moja kati ya orodha fupi na wewe unataka kukusanya kazi chini yake, huo ni msimbo. Jibu likiwa kila kazi na lake, kama namba ya kibali au tarehe au idadi, hiyo ni kolamu.

Chukua mfano wa punda. Mwanzo nilitaka msimbo wa usafiri wenye thamani mbili, BOTI na PUNDA. Lakini vichochoro vyetu gari haipiti, mzigo ukishashuka ukutani pwani lazima upande punda, uwe saruji au boriti au mabati. Sasa msimbo ambao kila kazi inapata jibu lile lile unatenganisha nini? Hautenganishi kitu. Nikauvunja, nikafanya msimbo wa "Chanzo cha mzigo" wenye MOK kwa vinavyovuka kutoka Mokowe, VIS kwa boriti za mikoko zinazotoka visiwa vya jirani, na HAP kwa vilivyoko hapahapa kisiwani. Punda wakawa kolamu ya namba, idadi ya safari, basi.

Kuunda msimbo kwenye P6 nenda menyu ya Enterprise halafu Activity Codes. Utaona ngazi tatu, Global, EPS (ya kundi la miradi) na Project, na hapa naomba usikimbilie Global. Ya Global inaonekana na kila mradi ulioko kwenye databesi, na mkiwa wengi mnaotumia databesi moja mtu akiingiza faili la XER, lile la kuhamishia ratiba za P6, kutoka pahala pengine misimbo yake ya Global inaingia nayo, baada ya mwaka orodha ni ndefu na nusu yake hakuna anayejua ni ya nini. Kama msimbo ni wa nyumba hii peke yake weka Project, mradi ukifutwa na wenyewe unaondoka. Global iwe ile mliyokubaliana wote, mfano aina ya fundi.

Bonyeza Modify uongeze jina la msimbo, funga, halafu ongeza thamani zake na maelezo. Fanya herufi fupi zinazosomeka, MWS kwa mwashi, SRM kwa seremala, PLS plasta, UME umeme, BMB bomba. Rudi kwenye kazi, chagua kazi, kule chini kuna tabu ya Codes, bonyeza Assign. Lakini kwa kazi 140 hutaki kufanya hivo moja moja, afadhali uweke msimbo kama kolamu kwenye jedwali, ujaze ya juu, uchague mistari yote ya chini yake halafu Ctrl+E inajaza mpaka chini.

Kila kazi inakubali thamani moja tu kwa kila msimbo. Mimi nilikuwa na kazi inaitwa "Milango na plasta ya ndani", nikahangaika niipe seremala au plasta. Ukiona hivo ujue ile kazi ni mbili, igawe. Kwa kweli kuweka misimbo kulinionyesha kazi kama sita ambazo tangu mwanzo zilikuwa zimeshonwa pamoja.

Kolamu za kujitengenezea ziko Enterprise pia, User Defined Fields. Pale juu chagua Activities kwanza, ukisahau utaitengeneza kwa kitu chengine halafu uitafute usiione. Ongeza jina, chagua aina, kuna maandishi, tarehe, gharama, namba na alama za rangi. Idadi usiiweke kama maandishi, hutaweza kuhesabu nayo. Mimi ninazo tatu tu: safari za punda, namba ya kibali, na tarehe aliyoahidi muuzaji. Hiyo ya kibali kwetu ni lazima, Mji wa Kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001 na huwezi kugusa uso wa nyumba vile unavyotaka, kwa hivo mtu akija kuuliza namba iko mbele ya kazi yake.

Sasa hili lisikizeni vizuri. Msimbo na kolamu havisogezi ratiba hata siku moja. Ukiandika kwenye kolamu yako kwamba chokaa itafika tarehe 20, P6 ukiihesabu itapanga plasta ianze tarehe 12 na haitakwambia lolote. Mzigo unaoweza kusimamisha fundi uwekee kazi yake au alama ya kufika (milestone), uunganishe na kazi inayoungoja. Na upepo na maji uyaweke kwenye kalenda ya kazi zinazotegemea chombo. Kolamu ni ya kukumbuka tu.

Ukishajaza, utamu uko kwenye Group and Sort, chagua chanzo cha mzigo kwanza halafu aina ya fundi na ratiba ile ile inajipanga upya mbele yako bila kugusa WBS. Ongeza filta, chanzo ni MOK na kazi inaanza ndani ya wiki mbili, hifadhi kama layout, yaani mpangilio wa kuonyesha ratiba, uipe jina "Nahodha". Swali lililonila saa mbili sahii ni kubonyeza mara moja. Fanya layout moja kwa kila anayeuliza, usimpe fundi bomba karatasi ya kazi zote, hataisoma.

Wanaotumia Microsoft Project mambo ni yale yale, nenda tabu ya Project halafu Custom Fields. Kolamu zimeshatengenezwa, Text1 mpaka Text30, Number1 mpaka Number20, unachagua moja unaibadilisha jina. Ili iwe kama msimbo itilie Lookup, orodha ya kuchagua, watu wasiandike wanavyotaka. Ukitaka safari za punda zijumlishwe kwenye mistari ya vikundi, palepale chini chagua Rollup na Sum, manake ukiiacha vile ilivyo jumla haitokei na utadhani programu ni mbovu.

Mimi kila Alhamisi jioni kabla sijampelekea nahodha orodha yake nafungua filta moja zaidi, chanzo cha mzigo ni tupu. Kazi mpya zilizoongezwa kati ya wiki zinatoka zote hapo, nazijaza, halafu ndiyo nachapisha.