Pikipiki ya theluji imenoki baada ya kuongezwa busti: usinunue pistoni kabla hujajua kilichoiua ya zamani

Habari zenu wakuu. Naandika kutoka British Columbia, Kanada. Jirani yangu alibadilisha programu ya injini ili turbo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini) iongeze busti, yaani presha ya hewa hiyo, akanoki, yaani injini ikafa, akanunua pistoni mpya, akanoki tena siku ileile aliyoiwasha. Inauma, kwa sababu pistoni haikuwa na kosa lolote.

Turbo ya kiwandani kwenye injini hizi za mipigo miwili, kama ile ya Ski-Doo ya toleo la 2020, ililenga kufidia hewa nyepesi ya milimani: nguvu za farasi 165 zisipungue hadi mwinuko wa mita 2,400 hivi. Ukiongeza hewa zaidi ya ile ya kiwandani, petroli nayo lazima iongezeke.

Hatua ya 1. Usivute tena kamba ya kuwashia. Kipande cha ringi kikibaki ndani, kila mzunguko unakwangua silinda.

Hatua ya 2. Toa plagi, uziweke kwa mpangilio wa silinda zake. Mulika kaure nyeupe kwa tochi. Kwa jirani niliona vipunje vya fedha, vidogo kama chumvi. Hiyo ni alumini ya pistoni: mchanganyiko ulilipuka kwa kishindo badala ya kuungua taratibu.

Hatua ya 3. Ingiza kamera kwenye tundu la plagi. Kuta za silinda zikiwa safi, pima kompresheni, yaani presha ambayo pistoni inajenga. Zikiwa na mikwaruzo, fungua kichwa cha silinda moja kwa moja.

Hatua ya 4. Soma pistoni bila haraka. Imeyeyuka ukingoni upande wa ekzosi: shuku petroli pungufu. Imekwaruzwa pande nne: ilikimbizwa kabla ya kupata moto. Ya jirani ilikuwa na tundu katikati, kidole changu kikapita.

Hatua ya 5. Sasa tafuta chanzo. Chujio, pampu, injekta, gasketi inayovuta hewa. Pima presha ya petroli turbo ikiwa inasukuma, maana injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma tu bila mafuta kukanyagwa, haikuambii kitu. Halafu baridi: hewa ya nyuzi 25 chini ya sifuri ni nzito kwa karibu asilimia 10 kuliko ya nyuzi sifuri. Programu iliyopimwa siku ya joto bila kurekebishwa itapeleka petroli pungufu alfajiri ya baridi kali. Hicho ndicho kilichoua pistoni zote mbili za jirani.

Hatua ya 6. Osha chumba cha krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Vumbi la alumini hushuka hukohuko na kuingia kwenye beringi.

MASWALI

Fundi, silinda moja tu ndiyo imekufa. Nibadilishe pistoni moja?
Hapana, ndugu yangu. Ya pili ilikunywa petroli ileile. Fungua zote.

Kaka, mimi niko Minnesota, huku chini, nimenunua mashine iliyotengenezewa Colorado, kule milimani. Kuna hatari?
Ipo, dada. Kwenye mita 2,400 presha ya hewa ni karibu kilopaskali 75. Usawa wa bahari ni 101. Kama programu inaongeza busti ileile popote ulipo, kwenu injini inabeba hewa nyingi kuliko iliyopimiwa. Usiikimbize mpaka ipimwe upya huko.

Mkuu, nikiweka petroli ya oktani ya juu si inatosha?
Inapunguza mlipuko mbaya, lakini haijazi petroli inayokosekana. Pima presha ya pampu kwanza, kisha uniletee namba hapa tuzitazame pamoja.