Jinsi ya kupiga hesabu ya payslip yako na kujua kama makato yamefika

Wakenya wenzangu mlioajiriwa, kila mwisho wa mwezi tunalia makato, makato, na kulia ni haki yetu kabisa, lakini ukimuuliza mtu amekatwa ngapi na ya nini anakwambia tu "serikali imechukua". Hiyo haitoshi. Pesa ni yako, umeitolea jasho, na hakuna mtu atakuja kuifuatilia kwa niaba yako. Kaa chini na payslip yako na simu yenye kikokotoo, dakika kumi hivi zinatosha.

Tuchukue mtu wa mshahara wa 50,000 kabla ya kukatwa chochote, tutumie viwango vya 2025. Kama wewe unapata tofauti badilisha tu tarakimu.

Anza na zile tatu zinazotoka kabla ya kodi. NSSF, yaani akiba ya uzeeni, ni asilimia 6, kwa hivyo 3,000. SHIF, mfuko wa bima ya afya uliochukua nafasi ya NHIF kuanzia Oktoba 2024, ni asilimia 2.75, hapo ni 1,375. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5, ni 750. Jumla 5,125. Toa kwa 50,000 unabaki na 44,875, na hii ndio inatozwa kodi, si ile 50,000 yote! Hapa ndipo uangalie vizuri sana manake zamani SHIF na ushuru wa nyumba havikuwa vinatolewa kabla ya kodi, sheria ilibadilika mwisho wa Desemba 2024, na kama mhasibu wenu bado anatumia fomula ya zamani basi unalipa PAYE, yaani kodi ya mshahara, zaidi ya inavyotakiwa kila mwezi na wala hujui.

Sasa PAYE yenyewe. Shilingi 24,000 za kwanza zinakatwa asilimia 10, ni 2,400. Shilingi 8,333 zinazofuata asilimia 25, ni 2,083.25. Zilizobaki 12,542 asilimia 30, ni 3,762.60. Ukijumlisha unapata 8,245.85, alafu toa nafuu ya kodi ambayo kila mkazi mwenye mshahara anapewa, 2,400 kwa mwezi. PAYE yako ni 5,845.85. Mkononi unafaa kupata 39,029.15. Ikipishana kwa senti kadhaa ni kukadiria tu, lakini ikipishana kwa mamia na hauna mkopo wala sacco inayokatwa hapo, nenda kwa mtu wa HR na karatasi yako ya hesabu, umuulize kwa heshima akuonyeshe amefikaje hapo. Ukienda na hesabu mkononi ni ngumu kufukuzwa, ukienda na hasira tupu utaambiwa ngoja.

Hapo umemaliza nusu ya kazi. Nusu nyingine ndio watu wengi hawafanyi kabisa na kwangu ndio ya maana zaidi: kuhakikisha pesa iliyokatwa imefika. Mwajiri anafaa kupeleka PAYE kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Wengine wanakata PAYE au SHIF wanakaa nayo, wanalipia pango la ofisi, wanalipa madeni yao, na wewe unagundua siku mtoto amelazwa na kaunta ya hospitali inasema akaunti yako haijalipiwa. Inauma sana hiyo, manake kwenye payslip umelipa! Kwa hivyo piga *147# uone hali yako ya SHA, mamlaka inayosimamia SHIF, fanya hivyo kila mwezi kama vile unavyoangalia salio la M-Pesa. NSSF nayo fungua akaunti ya mtandaoni uangalie michango mwezi kwa mwezi. Na kumbuka mwajiri anafaa kuweka asilimia 6 yake juu ya yako, kwa hivyo kwa mfano wetu unatafuta 6,000 si 3,000. Ushuru wa nyumba pia anaongeza 1.5 yake. SHIF haongezi kitu.

Ukikuta pengo, piga picha ya skrini, weka payslip zote pamoja, andika barua au imeili (si maneno ya mdomo) kwa mwajiri, na asipojibu peleka kwa taasisi yenyewe au kwa afisa wa leba. Mkiwa wengi kazini mfanye pamoja, mtu mmoja huogopa na ni haki yake kuogopa.

Mwanzo wa mwaka dai P9, ile fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi yako ya mwaka mzima, ulinganishe na payslip zako zote, alafu ufaili ritani kabla ya Juni 30. Ukichelewa faini ni 2,000 au asilimia 5 ya kodi, ile kubwa.

Kwani zinaenda wapi? NSSF ni akiba yako, unaichukua ukifika 60, au 50 ukistaafu mapema. SHIF ni ya kusaidiana, mzima anamlipia mgonjwa, na mimi sioni ubaya hapo hata kidogo. Ushuru wa nyumba haukupi nyumba, lazima uombe kwenye tovuti ya serikali ya Boma Yangu na bado uilipie. PAYE inaingia kapu kubwa, na ni kwenye makapu kama hilo ile 2,000 ya kila mwezi ya Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia wazee wa zaidi ya miaka 70, inatoka. Huyo mzee pengine ni nyanyako.

Na wewe wa jua kali usijione hauhusiki, asilimia 16 ya VAT unalipa ukinunua sabuni. Jisajili SHA hata kama hauna pesa saa hii, manake zahanati na vituo vya afya vya levo 2 na 3 vinalipiwa na mfuko wa serikali, unachohitaji ni kuwa umesajiliwa. Mchango, ambao kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, unahitajika ukitumwa hospitali za levo 4 kwenda juu, na kwa asiyeajiriwa unalipwa wa mwaka mzima, kwa hivyo anza kuweka kidogo kidogo kabla ugonjwa haujabisha hodi.