Dakika 25 penye miti, ndani ya saa za kazi

Msimamizi wa ofisi, usiwaambie tu wafanyakazi wapumzike. Wapangie zamu ya kutoka nje. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan uliochapishwa mwaka 2019 ulipima kotisoli, homoni ya msongo, kwenye mate ya watu waliokaa au kutembea penye mimea. Ilishuka kwa kasi zaidi kati ya dakika 20 na 30. Baada ya hapo iliendelea kushuka, ila polepole. Kwa hiyo anza na dakika 25, mara tatu kwa wiki.

Kinachoharibu zaidi ni simu. Washiriki wale walizuiwa simu, intaneti, maongezi, kusoma, hata mazoezi ya kutoa jasho. Anayejibu ujumbe wa bosi akiwa bustanini bado yuko kazini. Simu ibaki mezani, mwenzake wa zamu ya pili aipokee.

Kwa ofisi zilizo eneo la Posta, Dar es Salaam, Bustani ya Mimea iko jirani na Makumbusho ya Taifa. Nendeni saa tatu asubuhi, kabla jua halijawa kali. Na tafadhali, muda huu usikatwe kwenye chakula cha mchana; watu wakiwa na njaa wataacha ndani ya wiki mbili.