Kitambua moshi: usimwachie fundi akuchagulie pa kukifunga

Mnaojenga na mmefika hatua ya umeme, neno moja. Vitambua moshi vinavyotumia mwanga vinafaa sana chumbani, maana huwahi kugundua moto unaofukuta taratibu: godoro, blanketi, sofa. Ndani kuna mwale mdogo. Moshi ukiingia, mwanga hutawanyika na kugonga kihisio, king'ora kinalia.

Kifungwe darini, katikati ya chumba ikiwezekana, angalau sentimita 30 kutoka ukutani na kwenye taa. Kwenye kona hewa haizunguki vizuri, moshi huchelewa kufika. Mafundi wanapenda kona kwa sababu waya hauonekani! Weka kingine koridoni, nje ya vyumba vya kulala. Jikoni na mlangoni mwa bafu achana napo: ndoo ya maji ya moto asubuhi ya baridi ya Julai hapa Uyole, Mbeya, inatoa mvuke wa kutosha kukiliza, na kikishalia bure mara tatu, mtu anachomoa betri.

Kwa jirani nilikuta kile kifuniko cha plastiki cha kuzuia vumbi wakati wa kupaka rangi bado kipo, miezi baada ya kuhamia. Hapo kingelia vipi? Bonyeza kitufe cha majaribio kila mwezi.

Halafu lile jiko la mkaa la kuota chumbani. Mkaa ukishakolea hautoi moshi wa kuonekana, hivyo kitambua moshi kitanyamaza huku kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, ikijaa. Gesi hiyo ina king'ora chake. Jiko libaki nje.