Kusajili Kikundi cha Hisani Kigoma: Mambo ya Kuamua Kabla ya Kujaza Fomu

Akina mama wanaoanika dagaa katika mwalo wa Kibirizi, na kutenga sehemu ya mauzo kuwanunulia watoto yatima sare na madaftari, wana njia zaidi ya moja ya kujisajili. Kabla ya kushika fomu yoyote, wakae kikao na kukubaliana jambo moja: fedha itakayobaki baada ya matumizi ni ya nani?

Wakitaka kugawana, wasajili chama cha ushirika, au kampuni kupitia BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni. Ikiwa fedha yote inarudi kwa watoto, kinachowafaa ni shirika lisilo la kiserikali, chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002. Shirika la namna hiyo halizuiwi kuuza dagaa ili lijitegemee. Linalozuiwa ni wanachama kugawana faida.

Katiba ndiyo inayohitaji muda mwingi, nami nawasihi waanzilishi wasinakili ya wenzao. Nimesoma katiba ambayo ukurasa wa kwanza ulitamka kwamba shirika halikuundwa kwa ajili ya faida, na kurasa chache mbele ikaruhusu wanachama kugawana salio kila Desemba. Kiandikwe pia kifungu kinachoeleza kwamba shirika likivunjwa, mali itakayobaki itakabidhiwa shirika lingine lenye malengo yanayofanana.

Suala la kiwanja linaniumiza zaidi. Kikundi huchanga, kikanunua kiwanja kwa jina la mwenyekiti kwa sababu cheti bado hakijatoka. Mwenyekiti akifariki, warithi hukidai, na karatasi zote zinawaunga mkono. Cheti cha usajili hulifanya shirika kuwa mtu mbele ya sheria, lenye uwezo wa kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake lenyewe. Ni heri kusubiri, kisha mkataba wa mauziano uandikwe kwa jina la shirika. Jumuiya iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya haina uwezo huo, hivyo huhitaji bodi ya wadhamini ya kuishikia mali, iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini.

Maombi ya kusajili shirika hutumwa kupitia mfumo wa mtandao wa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, yakiambatanishwa na katiba, muhtasari wa kikao cha waanzilishi wenye majina kamili na sahihi zao, pamoja na wasifu wa viongozi. Ni vyema kumwona kwanza Afisa Maendeleo ya Jamii wa wilaya. Tangu marekebisho ya mwaka 2019, cheti hudumu miaka 10, na taarifa ya kazi pamoja na hesabu zilizokaguliwa hutakiwa kila mwaka.

Cheti hicho hakileti msamaha wa kodi. Hadhi ya taasisi ya hisani huombwa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania, na hata ikipatikana, kodi ya mishahara ya watumishi huendelea kukatwa na kuwasilishwa si zaidi ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata.